Mguu Uliotangulia

Kama una sukari, na mguuni una kidonda kisichouma, kaa chini usome haya. Nimeyaandika mwenyewe, mimi Zefania Gunda, Zefa wa alizeti, wa Iguguno, niliyeishia darasa la nne. Mambo ya kongosho na kazi yake humo tumboni muulize daktari wako. Mimi nilielezwa mara nyingi, na mara zote niliitikia kwa kichwa tu. Ninayoyajua ni ya benchi, ya kitanda na ya nyumbani, na hayo nayajua vizuri kuliko daktari yeyote.

Kwanza unijue nilivyokuwa mzima, ndipo utajua nimepoteza nini. Baba aliniachia jembe na jina. Nilianza kwa kusimama barabarani na dumu moja la mafuta, nakimbilia malori ya Mwanza. Leo nina mashine yangu ya kukamua alizeti, na mashudu yake wafugaji wanayafuata kutoka mbali. Nyumba yangu ndiyo ya kwanza mtaani kuwekwa vigae sakafuni, na ya kwanza kuwa na tangi la maji juu ya mnara. Ukishuka kwenye basi uliza kwa Zefa, hata mbuzi atakuonyesha. Sijisifu. Kitu kinachoonekana hakisifiwi.

Ni kwa sababu ya tangi hilo hospitali ya misheni ilikuja kwangu ilipotafuta mahali pa kumweka nesi wa kujitolea kutoka Denmaki. Nikampa nyumba ndogo ya uani. Jina lake lilitupa shida, tukamwita Sista Birigita. Alikuja na mvua za mwisho, mwembamba, na Biblia kubwa, na viatu vya kukimbilia.

Kiswahili alikuwa amekisomea Morogoro, kizuri cha darasani, lakini kuishi alikuwa hajafundishwa. Asubuhi alikimbia kando ya barabara, watu wakawa wanatazama nyuma yake waone anafukuzwa na nini. Mkaa ulimshinda, akawa anakula mkate na maharage ya kopo. Mlenda alipouonja mara ya kwanza, ukavutika kutoka bakulini mpaka mdomoni, aliutazama kama kitu kilicho hai. Kubwa zaidi ni mlango. Akirudi kazini alijifungia akala peke yake. Kwetu mtu anayekula amefunga mlango ana lake jambo. Majirani walipiga hodi wiki za mwanzo, akawajibu kwa adabu wakiwa wamesimama pale pale nje, mpaka wakachoka.

Mke wangu, Mama Debora, ndiye aliyemshika mkono. Alimfundisha kwamba shikamoo haitolewi huku unatembea, unasimama. Kwamba ukimkuta mtu huanzi na shida yako. Unauliza habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, ndipo useme kilichokuleta. Kwamba kitu cha heshima unakitoa kwa mikono miwili, na magoti yanalegea kidogo. Mara nyingine mke wangu alimkuta macho mekundu, akarudi kuniambia mtoto wa watu analia. Nilicheka tu. Nilimwambia huyo hamalizi kiangazi.

Kumbe asiyekimaliza ni mimi.

Sukari nilikuwa nimeambiwa miaka mingi nyuma. Kiu isiyokatwa na maji, kwenda msalani kila mara, sisimizi wakijaa pale nilipokojoa, na suruali zikinivuka kiunoni. Nilipewa vidonge. Nikijisikia vibaya nilimeza, nikijisikia vizuri niliacha, kama mtu avaavyo koti. Baadaye miguu ikashikwa ganzi. Nikitembea pekupeku nilihisi kama nimevaa soksi nene. Hilo nililigeuza sifa. Vijana wa mashineni waliniona nikikanyaga bati lililochomwa na jua kutwa nzima, sikutikisika. Niliwaambia, mnaona nyayo za mtu aliyetafuta? Nyinyi mmezaliwa na viatu.

Msimu wa kukamua ulipoanza, upepo wa kipupwe unapasua midomo, msumari ulipita kwenye kandambili ukaingia unyayoni. Nilitembea nao kutwa. Mama Debora aliona damu kwenye vigae akafuata alama mpaka kwangu, mimi nimekaa nakunywa chai na chapati.

Kidonda kilikuwa kidogo, nikakipaka mafuta nikakisahau. Sista Birigita hakukiona, alikinusa. Nilikuwa uani napima magunia ya alizeti na wateja wangu. Alisimama, akatoa shikamoo yake, akauliza habari za nyumbani, za mashine, akauliza na za mvua wakati mvua hakuna, kisha akasema, "Baba Debora, naomba nione mguu."

Nilikataa. Mwanamke, tena mpangaji wangu, anishike unyayo mbele ya wateja? Akaja tena kesho yake, na habari zile zile za mvua. Mwisho nilimpa mguu ili aniache. Nikamwambia haya, anza kupima basi. Akaniambia ameshamaliza. Alikuwa amenichoma kwa kijiti sehemu zote za unyayo na mimi nilikuwa bado nasubiri.

Ndipo nikahamia kwenye benchi.

Benchi la vidonda liko nyuma ya hospitali, mbali na wajawazito na watoto, kwa sababu ya harufu. Ni la saruji, na kwa baridi ile saruji inapanda mpaka kwenye meno. Pale hakuna Zefa wa alizeti. Kuna kidonda cha kushoto na kidonda cha kulia, na anayefuata. Nilipofika siku ya kwanza na shati langu la kunyoosha nilisimama mbele nikidhani nitaitwa. Hakuna aliyeniita. Bibi mmoja mwenye mkono ulioungua aliikunja kanga yake, akaitandika kwenye saruji karibu yake, akanipigapigia mahali pa kukaa. Sikuwa nimewahi kukalia kanga ya mwanamke wa watu. Nilikaa. Tangu siku ile, kila Jumatatu na kila Alhamisi, nilikuta imetandikwa. Wewe unayekwenda kuanza benchi, jua kwamba watu wa pale ndio ndugu zako kwa muda huo, na usivae shati la kunyoosha.

Sista ndiye aliyenisafisha. Alikata nyama iliyokufa kipande kwa kipande, akiimba wimbo wa kanisani kwao kwa sauti ya puani, akafunga gozi na bandeji. Mimi ni Mkristo wa Krismasi na mazishi, lakini nilianza kuujua ule wimbo. Siku nyingine zote za wiki zilikuwa kungoja Jumatatu, halafu kungoja Alhamisi. Nilichoka kwa namna ambayo kulima hakujawahi kunichosha.

Sasa nikuambie jambo lililotaka kuniua, na si msumari.

Kwa wazee wetu, mtu aliyekushika kidonda humwachi mikono mitupu. Unampelekea kuku. Si malipo, malipo yako mbali. Kuku ni neno. Akimpokea amesema niko na wewe kwenye jambo hili mpaka mwisho wake. Akikurudishia, ameshauona mwisho wako na hataki kuwemo. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, hata sisi tuliobatizwa.

Kaka yangu Simeoni, mkubwa wangu aliyebaki kwenye mji wa baba ndani ndani upande wa Nduguti, alikuja kunisindikiza Alhamisi moja. Tukachagua jogoo, mwekundu, mzito, wa kutosha heshima yangu. Sista aliponifunga bandeji nilisimama nikamkabidhi mbele ya benchi zima, kwa sababu jambo kama hilo halifanywi kwa kificho. Alirudi nyuma hatua. Akatabasamu, akasema asante sana, lakini sheria ya kazi haimruhusu. Akausukuma mkono wangu taratibu, na jogoo ndani yake.

Yule bibi wa kanga akaangalia chini.

Tulitembea na Simeoni mpaka kwenye pikipiki. Alikuwa amemkumbatia jogoo kifuani.

"Baba naye alirudishiwa," akasema. "Wewe ulikuwa mdogo. Alivimba mguu huo huo wa kushoto. Mganga akamrudishia kuku, mvua zilipoanza tukamzika."

Sitakudanganya kwamba niliamini moja kwa moja. Kichwa kilikataa. Lakini tumbo liliamini, na usiku mtu halali na kichwa chake. Nilijiona mjinga kuendelea kukaa kwenye saruji nikisafishiwa mguu na mtu anayejua kwamba nakufa. Nikamwambia mke wangu nataka kwenda kwenye mji wa baba. Alielewa, akalia, akabishana, akashindwa. Msimu ulikuwa katikati, magunia yamejaa mpaka nje, nikamwachia yeye mashine. Nikabebwa na bodaboda mguu umenyooshwa pembeni kama fimbo.

Kule nililala barazani kwa kaka. Walinifunga majani, wakanipa supu, ndugu wakaja wengine sijawaona tangu utoto. Homa ikaanza. Nilimwonyesha Simeoni mahali pangu, pembeni ya kaburi la baba, upande wa jua kuchomoza. Niliagiza na jeneza: la mninga, vipini vya kung'aa, liletwe kutoka Singida mjini, kwa sababu Zefa hatazikwa kwenye mbao za kuungaunga. Harufu yangu niliisikia mwenyewe. Mbwa wa kaka alikuwa halali mbali na baraza, nikamchukia yule mbwa kuliko ugonjwa.

Yaliyotokea Iguguno nilisimuliwa baadaye. Sista alipoona siji benchini alimwuliza mke wangu, naye akamjibu nimekwenda kwa kaka kupumzika, akamgeuzia mgongo. Siku zilivyokwenda mke wangu aliacha kumsalimia. Majirani nao wakaacha. Na ajabu yake, huo ndio wakati Birigita alikuwa amejifunza. Alikuwa amenunua mkeka. Jioni alitandika nje ya mlango wake, akaweka ugali alioupika mwenyewe, na mlango wazi, akangoja mtu apite amkaribishe. Watu walipita upande wa pili wa uzio. Alikula peke yake, mlango wazi.

Mwisho alimfuata mke wangu mashineni.

"Mama Debora, mimi nimekosa nini?"

Mke wangu alikuwa ameinamia pipa la mafuta. Alimwambia bila kuinuka, "Umemwambia mume wangu akafe."

Alipoelezwa habari ya jogoo, Sista alikaa chini, kwenye gunia la mashudu, na gauni lake jeupe. Akasema kwao nesi anayepokea kitu cha mgonjwa anafukuzwa kazi. Mke wangu akamwambia na huku anayekataa ndiye anayefukuza mgonjwa. Basi wakakaa pale wote wawili, mashine inanguruma.

Kesho yake zikafika pikipiki mbili kwa Simeoni, moja na Sista, moja na mke wangu. Kaka alimpokea Sista kwa sababu mgeni ni mgeni, lakini uso aliufunga. Sista alisimama sawasawa, akatoa shikamoo. Akauliza habari za nyumbani. Akauliza za ng'ombe. Akauliza za mvua. Macho yake yalikuwa kwenye mguu wangu muda wote na najua alitaka kuruka aje aufungue, lakini alikaa kwenye kigoda akangoja. Simeoni akaagiza kuku achinjwe. Akaletwa yule yule mwekundu, nikamtambua manyoya.

Chakula kilipoiva kaka alifanya jambo ambalo sijawahi kuliona. Firigisi ni ya mwenye mji. Wake zake hawajawahi kuiweka mdomoni. Aliitoa kwenye sahani yake akaiweka kwenye ya Birigita, akakaa anamtazama. Tulimtazama wote. Sista alimtazama mke wangu, mke wangu hakumsaidia. Akaichukua kwa vidole akaila. Firigisi ya jogoo mzee si mchezo, alitafuna mpaka tukaanza kumwonea huruma.

Alipomeza alinigeukia.

"Baba Debora, sikuona kifo chako. Niliogopa wakubwa wangu tu."

"Kwa hiyo umempokea," Simeoni akasema.

"Nimempokea."

"Atapona?"

Hapo angeweza kusema ndiyo, tukamshukuru, nikapanda pikipiki. Aliufungua mguu kwanza, yale majani yote, akatazama, akanusa. Akasema vidole viwili vidogo vimekwisha kufa. Akasema nikibaki pale barazani nitakufa kweli, na si siku nyingi. Nikienda hospitali leo, vidole vitaondoka, na kama mguu utabaki, hajui.

"Mganga wa kweli huahidi," kaka akasema.

"Mimi si mganga. Naahidi kukaa naye."

Nataka ujue, wewe uliyeambiwa maneno kama hayo, kwamba si lazima ujibu kama shujaa. Nilimwambia mke wangu afadhali nife na miguu miwili. Nikamwuliza Zefa wa mguu mmoja atasimama vipi mashineni, atawaamuru vipi vijana, nani atamwogopa. Nilisema mengi, homa ilikuwa inanisaidia. Mama Debora alingoja nimalize.

"Mguu wako haujawahi kunijibu nikiongea," akasema. "Ninayegombana naye ni wewe. Panda pikipiki."

Nikapanda.

Vidole viliondoka, na kwa wiki kadhaa tulidhani yamekwisha. Ulikuwa wakati wa joto lile la kabla ya mvua, bati la wodi linalia, shuka linaganda mgongoni. Nilichomwa sindano tumboni asubuhi na jioni. Nilikonda mpaka pete ikawa inaanguka, mke wangu akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Nywele za miguu ziliisha, ngozi ikang'aa kama ya mtu mwingine. Mambo ya ndani ya ndoa nayo yalikwisha siku nyingi, sitayaandika, lakini kama na wewe yamekukuta usidhani ni wewe peke yako.

Mke wangu alilala sakafuni chini ya kitanda changu, alfajiri anakwenda kukamua, jioni anarudi ananuka alizeti. Tulikosana sana. Nilimgombeza kwamba mashudu amemuuzia mtu niliyemkataza, akaniambia mimi siko mashineni, yeye ndiye aliyepo, na huyo mtu analipa. Debora, binti yetu, alipiga simu kutoka Dodoma kila siku akitaka nihamishiwe kwake, akimlaumu mama yake. Mama yake akawa hapokei. Mimi ndiye niliyeugua, lakini ukiwatazama watu wangu usingejua ni nani mgonjwa.

Sista Birigita alikaa, kama alivyosema. Zamu yake ikiisha alivuta kiti. Jioni moja aliniambia alipofika kwangu alimwomba Mungu kila siku amrudishe kwao. Alikuwa amekuja kusaidia watu, na hakuna hata mmoja aliyekula naye. Nikamwuliza kwa nini hakuondoka. Akasema aliona aibu. Kanisa zima la kwao lilimwimbia alipoaga. Nikamwambia mimi naona aibu ya kurudi Iguguno na magongo. Akacheka, nikacheka. Sikuwahi kumwambia mtu neno aibu kabla ya siku ile.

Halafu weusi ukapanda kwenye kifundo. Daktari alikuja na kusema mguu utakatwa chini ya goti. Nilimtazama Sista, hakugeuza uso. Nikakubali. Sikuwa na nguvu ya kukataa, na nisikudanganye kwamba ulikuwa ujasiri.

Simeoni alikuja siku hiyo na swali ambalo wazungu na madaktari hawakulifikiria: mguu unakwenda wapi? Akaambiwa kuna tanuri. Akasema hapana. Sehemu ya mtu haichomwi kama takataka, mtu anazikwa kwao, na hata kipande chake kina haki ya udongo. Nilidhani Birigita ataleta tena habari ya sheria. Alikwenda kwa daktari wakazungumza muda mrefu. Nilipokuwa bado sijazinduka aliuosha mguu wangu, akaufunga kwenye kitenge alicholeta mke wangu, akatoka nje akamkabidhi kaka kwa mikono miwili, magoti yamelegea. Mama Debora alikuwepo akaona. Ananiambia mpaka leo kwamba hapo ndipo alipomsamehe.

Wakauzika kwenye mji wa baba, pale pale nilipokuwa nimepaonyesha. Mwinjilisti alipata taabu. Sala ya mazishi haifai, mwenyewe yuko hai wodini, na ya shukrani nayo ilimkaa vibaya mdomoni. Akasoma zaburi moja akafunga kitabu.

Mvua za kwanza zilinikuta bado wodini, na sauti yake juu ya bati ilinifanya nilie, sijui kwa nini. Nilirudi nyumbani watu wanapanda alizeti. Vigae vyangu, fahari yangu yote, viliniangusha siku ya kwanza, gongo likateleza kama kwenye mlenda. Mke wangu akatandika mikeka sakafu nzima. Mguu wa bandia nimeambiwa ningoje kidonda kikomae. Nangoja. Nimekuwa fundi wa kungoja, nani ananishinda. Mashine anaendesha Mama Debora, mimi nakaa kwenye kiti mlangoni natoa amri, na vijana wananiogopa kama zamani, au wananionyesha hivyo.

Sista alikuwa amekuja kwa mwaka mmoja. Ameongeza. Siku hizi watu wanaingia kwake bila hodi, wengine wanafunua na sufuria, ananung'unika kama sisi sote.

Wewe unayesoma, chunguza nyayo zako kila jioni. Usipoziona, mpe mkeo kazi hiyo, au weka kioo sakafuni. Na siku utakapokanyaga kitu usisikie maumivu, usiwaite watu wakuone. Kimbilia hospitali. Na ukishakatwa, kuna jambo hawatakuambia mapema: mguu ulioondoka unawasha. Vidole ambavyo havipo vinawasha, vinaungua, na huna pa kupeleka mkono. Mimi nilidhani nimerukwa na akili mpaka Sista aliponiambia wengi wanalo.

Mwezi wa kwanza, watu wakiwa kwenye palizi, nilimwomba kaka anipeleke nikaone. Kaburi la baba lina jiwe. Pembeni yake kuna kilima kidogo, mvua imekididimiza, majani yameanza kuota. Nilikuwa nimepanga kulala pale mwili mzima, na jeneza la mninga. Nilisimama na magongo yangu, jasho linanitoka kwa kutembea tu kutoka barazani, nikatazama mahali palivyo padogo. Simeoni aliniuliza kama tuweke jiwe. Nikamwambia bado. Tutaweka moja siku ya kunileta mzima, na sina haraka.

Kisha ukaanza. Kuwasha kule kule, kama siafu. Niliuma meno, nikajishika kwenye magongo. Kaka akaniuliza nina nini, nikamwambia mguu unawasha.

"Upi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu, chini pale.

Mtu mwingine angecheka. Simeoni alishusha jembe lake begani, akapiga goti kwenye udongo mbichi, akaligeuza upande wa ncha.

"Wapi?"

"Chini kidogo," nikamwambia. "Upande wa kidole gumba."

Akakuna taratibu, mpaka nikamwambia basi.